Vichwa Vizito vya Halvard

Kaeni niwasimulie, jamaa zangu, hasa ninyi mnaonuniana ndani ya nyumba moja.

Jumamosi moja ya Mei, Torunn alikuwa katika chumba cha chini cha nyumba yake, mjini Elverum, kwenye benchi la kutengenezea risasi. Kahawa ilikuwa bado moto, na mkate wenye jibini ya kahawia aliuweka mbali na baruti. Yeye na mumewe Halvard walikuwa wanachama wa klabu ya shabaha. Tangu waoane walijaza risasi zao pamoja, mke akipima baruti, mume akipachika vichwa vya risasi kwenye maganda. Wengi wetu tuliwaonea wivu.

Lakini majuzi Torunn alikuwa amemshinda mumewe kwenye mashindano ya wilaya. Watu walicheka, kama watu wanavyocheka. Halvard hakucheka, na tangu siku hiyo alimjibu mkewe kwa kuguna.

Asubuhi hiyo aliingia na boksi jipya, akalibwaga mezani.

"Vichwa vizito," alisema. "Hivyo vyako vinapeperushwa kama manyoya."

Torunn alikigeuza kimoja mkononi. Ni kweli, upepo hausukumi sana kichwa kizito. Ila ni kirefu, na mtutu mkongwe wa Halvard haukuweza kukizungusha kwa kasi ya kutosha kiende kimenyooka. Tena kichwa kizito hutaka baruti pungufu, la sivyo risasi yaweza kumpasukia mpigaji usoni.

"Havitaifaa bunduki yako," alisema. "Na ukivijaza, usitumie kipimo chetu cha siku zote. Anza chini kabisa."

"Umeshinda mara moja tu, ushakuwa mwalimu wangu?"

"Nauonea huruma uso wako, Halvard."

"Uso wangu niachie mwenyewe. Toka kwenye benchi langu."

Torunn alitoka. Sitawaficha: alitoka akimwombea aaibike. Zaidi ya hapo hakumtakia.

Kesho yake uwanjani, matundu kwenye shabaha ya Halvard yalikuwa marefu kama ya funguo, maana vichwa vilifika vikiwa vimelala ubavu.

"Bwana, unapiga shabaha au unatupa vijiko?" aliuliza Oddvar, mwenyekiti wa klabu.

Halvard aliona haya, akapiga nyingine. Safari hii mkono wa chuma wa kufungulia bunduki na kutolea ganda ulikwama, akaugonga kwa kiganja. Torunn, aliyelala kifudifudi na bunduki yake kwenye mkeka wa pili, aliona.

"Acha sasa hivi. Ukikwama hivyo ujue nguvu ya baruti imezidi."

"Funga mdomo."

Miwani ya kinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso. Risasi iliyofuata ilipasua ganda, moto ukarudi nyuma, na jicho lake la kulia likaenda na moto huo.

Hospitalini Torunn alimshika mkono mpaka Oddvar alipokuja kumjulia hali. Halvard akauvuta mkono wake.

"Muulize huyu. Mpima baruti ni yeye. Alitaka kuniua."



"Tumezifungua risasi zako zilizobaki," Oddvar alisema polepole. "Zote zina kipimo cha vichwa vyepesi. Alizijaza nani?"

Halvard aligeukia ukutani.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Aliyekuja kumtazama aliambiwa vivyo hivyo, na dukani watu walianza kumkwepa Torunn kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Halvard aliporudi nyumbani, mkewe alimwomba jambo moja tu.

"Simama mbele ya klabu useme alizijaza nani."

"Nikisema hivyo, watajua ulinionya."

"Ndiyo."

"Basi sisemi."

Torunn alichukua bunduki yake na nguo zake, akahamia kwa dada yake, katika mji wa Hamar. Hakurudi. Halvard anaishi peke yake mpaka leo, na akikutana na mtu bado anaanza kwa kusema mkewe alitaka kumuua. Siku hizi watu huitikia kwa kichwa, wakaharakisha kwenda zao.

FUNZO

Anayechukia kushindwa na mwenziwe hawezi kusikia onyo lake, hata linapomtakia uzima. Tena kosa la mkono huumiza mara moja, lakini kumsingizia aliyekuonya ili usionekane mjinga ni ubaya unaouchagua upya kila siku. Kipimo kibaya kilimnyang'anya Halvard jicho. Lakini mke, Halvard mwenyewe ndiye aliyemfukuza, kwa mdomo wake.