Siku Dorcas Alipovaa Fulana ya Chama Kingine

Kila asubuhi mama yangu, Tereza, alianika dagaa ufukweni pamoja na wenzake. Mchana aliwauza sokoni. Ndivyo tulivyoishi sisi wa mtaa wa Mabatini.

Mwaka ule vyama vingi viliposhindana kwa mara ya kwanza, mama aligombea udiwani. Alitaka bomba la maji lifike mtaani kwetu. Wauza dagaa wenzake walijitolea kumfanyia kampeni. Dagaa wa mama niliachiwa mimi.

Mama aliwaita wenzake kila siku saa tatu asubuhi. Walisikiliza hotuba, kisha wakawapikia wageni wa kampeni. Taratibu wakaanza kupungua.

Jumamosi moja hakuja hata mmoja. Tukatoka kuwatafuta. Njiani tukakutana na Dorcas, rafiki wa mama tangu usichana. Alikuwa amevaa fulana ya chama kingine. Mama alimsogelea.

"Dorcas, ni wewe?"

"Ni mimi, mayu," alijibu, akimwita 'mama' kwa Kisukuma kama zamani.

"Wamekupa nini?"

"Fulana tu, nayo inanibana." Hakucheka. "Wao waliniuliza nina nafasi saa ngapi. Wewe unayenijua hukuuliza. Dagaa wangu walinyeshewa mvua, mimi niko kwako nasonga ugali wa wageni."

Mama alirudi nyumbani. Jirani yetu Evelina, kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani, alikuja kumpa pole. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi.

"Walikuja wenyewe," mama alisema. "Sikumlazimisha mtu."

"Kuja walikuja wenyewe. Kuwafanya wabaki ni kazi yako," alijibu Evelina. "Anayejitolea humlipi. Basi usimharibie riziki yake. Muulize ana nafasi lini na anaweza kazi gani. Mshukuru. Asipokuja, nenda kamjulie hali, usimseme."

Kesho yake mama alikwenda ufukweni. Alivua viatu, akageuza dagaa pamoja nao, akawaomba radhi. Mikutano ikahamia jioni. Aliyependa kuimba aliimba. Aliyejua wazee wa mtaa aliwatembelea. Mimi huona haya mbele ya watu, kwa hiyo nilipewa kuzungumza na mtu mmoja mmoja kisimani.

Dorcas hakurudi, na mama aliumia sana. Wengine walibaki mpaka mwisho.

Mama alishinda. Watu walimwita apande mezani ahutubie. Yeye aliwaendea kwanza wale wanawake, akamshika kila mmoja mkono na kumtaja jina. Hakuna kiongozi aliyewahi kuwafanyia hivyo.