Sahihi Mlangoni mwa Darasa la Nne

Wazazi wenzangu, acheni kwanza mlichoshika mnisikilize, maana habari hii inatuhusu sote tuliokabidhiwa shule.

Zamani mambo ya majengo ya shule yetu yaliamuliwa na wakubwa wa mbali, nasi tukinung'unika kwamba hawajui hata rangi ya milango yetu. Basi tukapewa wenyewe. Ikaundwa kamati ya wazazi saba, na neno lao juu ya madarasa likawa la mwisho. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka.

Mmoja wa hao saba alikuwa mama mmoja, fundi wa kushona sare. Asubuhi moja alikuwa kibandani kwake, cherehani inanguruma, redio inaimba kwa sauti ya chini. Bintiye wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kuongea, alikuwa darasa la nne, na alikuwa ameshakwenda shule. Mwenyekiti wa kamati akaingia na karatasi mkononi.

"Mama Chiriku, ni ile fomu ya ukaguzi wa madarasa. Weka sahihi hapa, wenzako wote wameshaweka."

"Kwani tumekagua lini?" aliuliza fundi, pini zimebanwa midomoni.

"Tutapita tu siku moja. Ofisi ya elimu inaitaka leo."

Sare kumi na mbili zilikuwa zinamsubiri. Akasaini juu ya goti, vidole vimejaa vumbi la chaki ya kuchorea vitambaa, akarudi kwenye pindo lake. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na haraka tu, kama mimi na wewe.

Mvua zikaanza. Siku moja jioni fundi alikuwa anamsuka bintiye, akakuta chembe za plasta kwenye nywele.

"Hii nini?"

"Inadondoka ukutani, mama. Mwalimu katuambia tusiuguse."

Fundi akaikumbuka ile fomu. Kesho yake mvua ilipopiga tena, kazi haikufanyika. Alijikuta ameshona mkono wa shati mahali pa kola. Siku nyingine angejicheka. Siku hiyo aliliacha shati chini ya sindano akatoka mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Mwalimu mkuu alimpokea ofisini kwa uso wa mtu aliyechoka kusema.

"Niliomba darasa la nne lifungwe, mama. Nikajibiwa na ofisi ya elimu kwamba uamuzi ni wa kamati, na kamati imeshaandika kuwa ni salama. Nyote saba mmesaini."

"Hatukukagua! Watoe watoto!"

"Mimi sina mamlaka ya..."

"Kamati ndiyo mimi! Watoe, mwalimu, nakuomba!"

Mwalimu mkuu akakamata kengele akaipiga.

Watoto wakamwagika uwanjani huku wakisukumana kwa furaha ya kuachiwa kabla ya saa. Fundi alikimbiza macho kwenye nyuso zao. Ishirini, thelathini, arobaini, wake hayumo. Hatimaye Chiriku akatoka wa mwisho, mkoba kifuani. Mama na mtoto hawakufika hata kwenye goli la uwanja, ukuta wa pembeni ukaporomoka ndani, juu ya madawati.

Hakuna aliyeumia. Fundi alimkumbatia bintiye mpaka mtoto akalalamika.

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale pale ukutani. Wenzangu waliogopa, hakuna aliyepataka. Mimi nikawaambia jina la mama yangu liko mlangoni, amelikagua darasa mwenyewe. Nikakaa."

Mlango ulikuwa bado umesimama. Ile karatasi ya ukaguzi ilikuwa imebandikwa hapo, na sahihi yake ilionekana vizuri, pamoja na alama ya kidole chenye chaki.

"Mama, si ulilikagua?"

Mvua iliwalowesha wote wawili, na Chiriku akaendelea kungoja jibu.

FUNZO

Jamani, tulipokabidhiwa shule hatukupewa cheo cha kutembea nacho. Tulipewa kuta za kwenda kuzigusa kwa mikono yetu. Tukiidhinisha tusichokiona, tunakuwa wakubwa wale wale wa mbali, ila sasa tunakaa karibu. Aliye kwenye kamati aende shule, aingie darasani, akae kwenye dawati la mwisho atazame juu. Asiye na nafasi ya kwenda aseme hivyo na amwachie mwenzake kiti. Na kabla hujaishika kalamu, jua kwamba sahihi yako itasomwa na mtoto, naye ataiamini.