Bahizire na Kifuniko cha Rejeta

Tulikaa Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus, Marekani. Ilikuwa Novemba 2015. Mwanangu Bahizire alifanya kazi kwenye ghala, shifti ya saa nane mchana. Kila siku alifunga ugali na sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli la bluu, kisha akawapitia wenzake, Généreuse na Bisogo. Kati ya watatu hao, yeye tu alikuwa na gari.

Siku moja alirudi kutoka dukani saa saba. Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu. Mvuke ulitoka mbele ya gari.

"Mama, niletee maji ya bomba! Na kitambaa!"

Nikaleta. Zamani Bahizire alikuwa konvoyeri, msaidizi wa dereva wa lori. Lori likichemka kwenye mlima wa Ngomo, kwetu Kongo, yeye ndiye aliyefungua rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, na kutia maji. Huko ndiko alikopata kovu la mkononi.

Jirani yetu Milcah, Mkenya, fundi wa gereji, alimwona akishika kifuniko cha rejeta, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Baba Aganze! Toa mkono hapo!"

"Dada Milcah, niko najua hii kazi. Kovu hili ni diploma yangu."

"Na ya pili unaitaka usoni?"

Emérence, mke wa Bahizire, alicheka. Bahizire hakucheka.

"Bon, nimechelewa kazini mara mbili. Ya tatu, wananifukuza."

"Na ukiungua macho utafanya kazi gani? Maji ya ndani yamebanwa. Ukifungua yakiwa moto, yanakurukia. Acha injini ipoe kabisa. Leo nitawapeleka mimi."

Walifika saa nane kasoro dakika nne.

Kesho yake asubuhi gari lilikuwa baridi kama jiwe, limesimama mahali tambarare. Milcah alikuja na dumu la kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Hakugusa kifuniko cha rejeta. Alionyesha chupa nyeupe ya plastiki iliyo pembeni, yenye mistari miwili.

"Kulanti ikae kati ya mistari hii. Yako imeshuka chini ya mstari wa chini."

"Donc, si niongeze maji tu?"

"Ngomo hakuna theluji. Hapa maji matupu yataganda, yapasue injini. Kulanti inastahimili baridi. Kitabu cha gari kinasema utumie aina gani. Hii imeshachanganywa na maji, usiongeze kitu."

Alifungua kifuniko cha chupa polepole, kwa kitambaa. Akamimina, akaishia chini kidogo ya mstari wa juu, akafunga. Tone lililoanguka alilifuta.

"Ni tamu, lakini ni sumu. Mtoto asiguse, mbwa asilambe."

Dumu nililiweka kwenye kabati la juu kabisa.

"Mshale ukipanda njiani, simama pembeni, zima injini, ungoje. Kulanti ikishuka tena, inavuja. Leta gereji."

Bahizire akawa anatazama chupa kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha gari. Wiki ya kwanza tu, kulanti ilishuka. Gereji walikuta mpira mmoja wa kupitisha kulanti una ufa, wakaubadilisha.

Januari theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Gari likawaka. Hakuchelewa tena.

Machi Bisogo naye alinunua gari. Généreuse alinisimulia: siku moja lilichemka uwanjani pa ghala, Bisogo akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Bahizire alimshika, akapandisha mkono wa shati lake mwenyewe, kovu likaonekana.

"Papa Bisogo, diploma hii moja inatutosha sote. Tungoje."

Wakangoja.