Mgeni Asiyeitikia Salamu

Harufu ndiyo iliyotangulia, na haikuwa na sababu. Mwamvua alikuwa mama lishe wa miaka mingi pale njia panda ya Dumila, na pua yake ilijua ukoko unaungua hata kabla sufuria yenyewe haijajua. Lakini jioni ile, nje ya kibanda cha wageni katikati ya msitu, ugali ulikuwa umeshaepuliwa, moto umefifia, na hakuna kilichoungua. Alichungulia ndani ya sufuria akakuta ukoko mweupe, mwembamba, safi. Akacheka peke yake, akasema labda ameubeba moshi wa Dumila kwenye nguo.

Alikuwa na kila sababu ya kucheka. Mumewe, Shomari, alikuwa mtunza vibanda katika hifadhi ya msitu kwenye miinuko iliyo kati ya Kilosa na Mikumi, na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimewakimbiza watalii, mkubwa wake alimruhusu ailete familia ikae kibanda kimoja juma zima. Na kibanda chenyewe, mtu ungetamani ukifunge kwenye khanga uondoke nacho. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, kitanda kipana cha mninga chenye blanketi zito, na taa ya sola iliyomwaga mwanga wa rangi ya kiini cha yai. Yusrah, binti yao wa darasa la kwanza, alirukaruka kitandani mpaka akaishiwa pumzi.

"Mama, tuhamie huku," alisema.

Mwamvua hakumgombeza. Kabla ya Yusrah mimba mbili zilimharibikia, na baada yake hakupata nyingine. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa utajiri wake wote, na alimlea kwa adabu ambayo jirani zake walimtania kwamba ni ya mtoto wa kadhi.

Walitandika mkeka nje, wakazunguka sinia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima. Ndipo akapita mwanamke mmoja njiani, mzee, amejifunga kaniki, kichwani ana mzigo wa kuni.

"Shikamoo, bibi," Yusrah akasema mara moja.

Yule mwanamke akasimama. Hakuitikia. Alisimama tu, uso wake kwenye kivuli cha kuni, na kimya kikawa kirefu hadi Mwamvua akaona haya kwa niaba yake. Na mdomo wa mama lishe, jamani, hauwezi kuvumilia mtu amesimama mbele ya chakula bila kuitwa.

"Karibu chakula, mama," akasema.

Kila mtu anajua neno hilo linavyokwenda. Unakaribisha, mwenzio anasema ahsante, starehe, anapita zake, na wote mnabaki na heshima zenu. Yule mwanamke hakusema hivyo.

"Nimekaribia," alisema, na akatua mzigo.

Shomari aligeuka kuvuta kigoda. Alipogeuka tena njia ilikuwa tupu, hakuna mtu wala kuni, na Mwamvua akakumbuka kwamba mzigo ule ulipofika chini haukutoa sauti. Harufu ya ukoko ikawa nzito.

"Watu wa huku wana haya," Shomari alisema. "Kashatokomea huyo."

Kisha nyuma ya kibanda wakasikia maji. Yalimiminika polepole kwenye beseni, yakakoma, yakamiminika tena, kama mtu anavyonawa mkono huu na huu kabla ya kula. Shomari alikwenda na tochi, akarudi akikuna kichwa. Beseni lilikuwepo, alisema, lakini lilikuwa kavu.

Asubuhi Mwamvua alifunua kiporo cha ugali ili akipashe moto. Upande mmoja kilikuwa kimemegwa. Pembeni ya sahani lilikuwa limesahaulika tonge moja, limefinyangwa vizuri, lina shimo la kidole gumba la kuchotea mchuzi.

"Nyani," alisema Shomari. "Nyani wa huku wamestaarabika."

"Nyani gani anafinyanga tonge?"

Yusrah alikuwa ameamka, amekaa mlangoni, na uji wake ulikuwa unapoa mbele yake bila kuguswa.

"Kunywa, mwanangu."

"Nimeshiba, mama. Nimekula na bibi."

Mwamvua alimwinamia amfute matongotongo, na pumzi ya mtoto ikamgonga usoni. Ilinuka ukoko ulioungua.

Siku nzima mtoto hakula. Alipikiwa wali na maharage, kipenzi chake, akaukataa kwa upole, akishukuru kama mtu mzima aliyetoka karamuni. Na kila Mwamvua alipofunua sufuria, nyuma ya kibanda maji yalimiminika kwenye beseni. Mara ya kwanza alikimbia kwenda kuangalia. Baadaye alibaki ameshika mwiko, akisikiliza, mpaka maji yakome. Kufika alasiri mabega ya Yusrah yalikuwa yametokeza kwenye gauni lililokuwa likimbana juzi tu. Mwamvua alipombeba alitaka kupiga kelele, kwa sababu mtoto alikuwa mwepesi kama kapu la pamba.

Jioni aliamua kumlisha kwa nguvu. Aliweka sinia mkekani, akaingia ndani kuchukua chumvi, na alipotoka akasimama pale mlangoni na chumvi yake mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Yusrah alikuwa amekaa mbele ya sinia akitafuna, taya zinapanda na kushuka, koo linameza, lakini mkono wake ulikuwa mapajani na mdomo wake ulikuwa mtupu, na upande wa pili wa sinia, pale ambapo hapakuwa na mtu, wali ulikuwa unabonyea, unamegwa, unainuka kidogo na kutoweka, tonge baada ya tonge, bila haraka, na kila tonge lililotoweka upande ule mashavu ya mtoto upande huu yalizidi kuingia ndani, hata Mwamvua akaelewa bila kuambiwa na mtu kwamba chakula kilichokuwa kinaliwa pale hakikuwa wali.

Alilipiga sinia teke, likaruka. Akamnyakua mtoto.

"Umemwaga chakula cha mgeni," Yusrah alinong'ona, machozi yakimtoka. "Mama, amekasirika."

Hawakulala. Kulipopambazuka walipanda pikipiki ya Shomari, mtoto katikati, mama nyuma amemkumbatia, wakashika njia ya kuteremkia barabara ya Kilosa. Hawakufika mbali. Pikipiki ilianza kulemewa, ikainama nyuma kama iliyopakia magunia ya mahindi, na Mwamvua, aliyejua kwamba yeye ndiye wa mwisho kwenye kiti, akahisi magoti ya mtu yakimbana kiunoni kutoka nyuma, magumu, ya baridi, na harufu ile ikampitia begani.

"Shomari," alisema kwa sauti ndogo. "Usiangalie nyuma. Simama tu."

Waliposimama ndipo wakamkuta Sankale, mlinzi wa hifadhi aliyefanya kazi na Shomari, Mmasai aliyekuwa anatoka doria. Aliwasalimia mmoja mmoja, hata mtoto, ndipo akauliza kulikoni. Mwamvua alimweleza yote, na Sankale aliinamisha kichwa.

"Shemeji, ulimwita chakula kabla hajaitikia salamu?"

"Ndiyo. Nilimwonea haya."

"Mtoto alifanya vizuri. Huku msituni ni salamu kwanza. Sisi hata ng'ombe wakipotea, tunasalimiana kwanza ndipo tunauliza. Hao si watu, hawawezi kuitikia. Ukiwasalimia ukanyamaza, wanapita." Alimtazama Yusrah, kisha akatazama chini. "Sasa huyo ni mgeni wako. Popote mtakapoweka sinia, atanawa."

Alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia mganga, nao wakarudi kibandani kumngoja.

Mganga aliitwa Tumwagile, mama mnene wa makamo, ambaye wazazi wake waliletwa Kilosa na mashamba ya mkonge. Alifika mchana kwa bodaboda, amekumbatia kikapu na jembe, akimsema dereva kwa kumpitisha kwenye mashimo yote ya wilaya. Lakini alipomwona Yusrah amelala kwenye kile kitanda cha mninga, blanketi limemfunika kana kwamba chini yake hakuna mtu, maneno yalimwisha.

"Mfukuze, mama," Mwamvua alisema. "Nakuomba. Sina mwingine."

"Simfukuzi. Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako ukimfukuza, anaondoka na kitu cha nyumbani. Unajua ataondoka na nini." Akatua kikapu chini. "Alikuja juzi?"

"Juzi jioni."

"Basi tuna bahati. Leo ni siku ya tatu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawalimi. Ukimpa jembe anatahayari, anaondoka mwenyewe, wala hakuna ugomvi. Lakini ni lazima utoe wewe uliyemwita. Sema hivi: mgeni, jembe lako hili. Halafu funga mdomo. Usiongeze neno hata moja."

Tumwagile alifunga kitambaa cheusi kwenye mpini. Jua lilipoanza kuzama waliketi mkekani kama jioni ile, sinia katikati. Mwamvua alimpakata mwanawe, aliyekuwa hawezi tena kushikilia shingo yake. Maji yakamiminika nyuma ya kibanda. Harufu ikaja. Upande wa pili wa sinia mkeka ukabonyea, na wali ukaanza kumegwa, na Yusrah, macho yamefumba, akaanza kutafuna.

Mwamvua alinyanyua jembe kwa mikono miwili.

"Mgeni," alisema, "jembe lako hili."

Kumega kukakoma. Msitu wote ukanyamaza, ndege na wadudu, na kimya kikawa kilekile cha siku ya kwanza, kirefu, kizito, cha mtu aliyesimama mbele ya chakula akingoja kuambiwa neno, na Mwamvua alikisikia kikimvuta ulimi, maana maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwondoa mtu kwenye chakula bila neno la kumsetiri, na mtoto alikuwa anapumua kwa shida kifuani kwake, na hofu na haya vilikuwa vimemchanganyikia hata hakujua kipi ni kipi.

"Usione vibaya," mdomo wake ukasema. "Kwetu anayelima ndiye anayekula."

Tumwagile alimshika mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mkeka uliinuka taratibu pale ulipobonyea. Harufu ikapungua, ikaisha. Na jembe, ambalo Mwamvua alikuwa bado amelishika, likawa jepesi, kisha mikono yake ikawa haina kitu.

Yusrah alifumbua macho. "Mama, nina njaa."

Alikula wali wote uliobaki, akalamba vidole, akaomba chai. Mwamvua alilia kwa sauti bila kujali nani anamwona, na Shomari naye alikwenda kulilia nyuma ya kibanda ambako alidhani hasikiki. Tumwagile peke yake hakufurahi. Aliukunja mkeka, akaangalia njia ile tupu kwa muda mrefu.

"Wengine wote huliacha jembe chini," alisema.

"Lakini kaondoka?" Mwamvua aliuliza.

"Kaondoka," Tumwagile alijibu, na akaita bodaboda yake.

Walirudi Dumila. Yusrah alinawiri, mashavu yakarudi, na kelele zake za kutoka shule zikarudi pia. Mwamvua aliendelea na kazi yake, ila sasa alikuwa na desturi mpya iliyowachekesha mama lishe wenzake. Mabasi yakisimama, wao hukimbilia dirishani na karibu chakula, karibu chakula. Yeye husimama na kusema habari za safari, na hamwiti mtu mpaka aitikie. Agnesi wa meza ya pili alimwambia atakufa maskini na adabu zake. Mwamvua alicheka tu.

Masika yalipokaribia alimchukua Yusrah wakaenda Magole kutazama shamba aliloachiwa na mama yake. Misimu miwili lilikuwa pori, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kulilima. Alibeba panga la kufyekea na chakula cha mchana kwenye hotipoti.

Hakukuwa na cha kufyeka. Shamba lilikuwa limelimwa kutoka mpaka hadi mpaka, udongo umetifuliwa laini, matuta yamenyooka, hakuna hata mzizi mmoja uliosalia. Alimpigia simu Shomari kumshukuru. Shomari akasema alidhani ni yeye aliyeweka vibarua.

Mwamvua akashusha simu. Katikati ya shamba jembe lilikuwa limesimama wima, na mpini wake ulikuwa na kitambaa cheusi. Ukoko ulioungua ulinuka hadi ukamkaba, kisha nyuma yake, katika shamba lile tupu lisilo na kisima wala beseni, maji yakaanza kumiminika, polepole, mkono huu, na huu, na alipounyoosha mkono amzibe mtoto mdomo alikuwa amechelewa, kwa sababu Yusrah alikuwa ameshageuka, ametabasamu, ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, bibi."

Mwamvua alifumba macho. Alikiomba kile kimya kije. Alikiomba kwa moyo wake wote.

"Marahaba, mjukuu wangu," sauti ikaitikia karibu kabisa na sikio lake. "Nimemaliza kulima. Mama yako katuletea nini?"