Fundi Aliyekaa Ilomba

Kila siku akitoka shule, Blandina alichota maji madumu mawili, akaosha vyombo, kisha akaketi na baba yake kuandika. Mzee Bartholomeo alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Isimbula, ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Ubaruku, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Barua na taarifa zote za kijiji ziliandikwa kwa mkono wa Blandina, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri.

Jioni moja baba alileta fomu kutoka wilayani. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika Isimbula, na serikali ilikuwa inafunga mitambo ya umeme wa jua kwenye zahanati za vijiji kama hivyo. Kila kijiji kilitakiwa kutoa kijana mmoja asomeshwe Iringa miezi mitatu, kisha aajiriwe kuutunza mtambo. Sharti lilikuwa moja: awe mkazi wa kijiji.

"Niandike dada Faustina?" Blandina aliuliza. Kila mtu alijua kwamba Faustina amehitimu umeme chuo cha ufundi, na kwamba tangu amalize anapalilia mpunga wa watu.

"Andika Obeid."

"Kaka Obeid si anakaa Ilomba, kule Mbeya?"

"Ni mtoto wa shangazi yako, naye hana kazi. Andika 'mkazi wa Isimbula'. Na mambo haya usiyatoe nje."

Blandina aliandika. Kesho yake Faustina alikuja kuulizia nafasi, cheti chake kikiwa ndani ya bahasha. Baba alimwambia imeshajaa. Faustina alishukuru, akaondoka. Blandina aliinamia ungo, akajifanya anachagua mchele.

Mtambo ulifungwa, zahanati ikawaka. Nesi Naima akapata jokofu la chanjo na mashine ya oksijeni. Obeid alisomeshwa Iringa, akaajiriwa, lakini alikuja mara moja kwa mwezi, halafu hata huo mwezi ukawa unapita bila yeye. Kazi ilikuwa Isimbula, mwenye kazi alikuwa Ilomba.

Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea, mtambo ulizima. Nesi Naima alimpigia Obeid.

"Nakuja kesho, dada," alijibu.

Kesho yake simu haikupatikana. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, mama Lea alifika zahanati mbio na Vitus, mwanawe wa miezi minane. Lea alikuwa rafiki wa Blandina, wanakaa dawati moja, na wote wawili walikuwa wamembeba Vitus tangu akiwa mchanga. Siku hiyo walikimbia nyuma ya mama Lea. Kifua cha mtoto kilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Nimonia," nesi alisema. "Anahitaji oksijeni, na mashine haina umeme. Tafuteni pikipiki, afike Ubaruku upesi!"

Njia ya Ubaruku ilikuwa imejaa maji. Mama Lea alipanda pikipiki, mtoto kifuani, amemfunika kwa kanga na nailoni.

Faustina, aliyesikia kelele akiwa shambani, alifika na matope hadi magotini. Chumba cha betri kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Obeid. Mtu alikimbia kuomba ruhusa kwa mwenyekiti. Alirudi na jibu kwamba hiyo ni mali ya serikali, asubiriwe mhusika. Nesi Naima hakusubiri. Aliokota jiwe, akaligonga kufuli mpaka likaachia.

Faustina akaingia. Waya mmoja wa betri ulikuwa umeshika kutu na kulegea. Aliukwangua, akaukaza. Taa zikawaka. Haikuchukua hata nusu saa.

"Mpigieni dereva amrudishe!"

Dereva alipokea akiwa amesimama katikati ya maji. Alisema mtoto ameshanyamaza.

Vitus alizikwa Jumapili, mvua ikinyesha. Waliporudi nyumbani Blandina hakuweza kula.

"Baba, tuwaambie."

"Nyamaza. Mtoto ameuawa na ugonjwa, si karatasi."

Wiki iliyofuata afisa wa wilaya, Bi Devota, aliitisha mkutano darasani. Alifungua jalada, akauliza, "Huyu fundi Obeid anaishi nyumba gani hapa kijijini?"

"Kwangu," alijibu Mzee Bartholomeo.

Blandina alikuwa amesimama dirishani na wenzake. Alipaza sauti.

"Hakai kwetu. Anakaa Ilomba. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni mkazi, na nilijua si kweli."

Lea aligeuka, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Sharti lile halikuwa pambo," Bi Devota alisema polepole. "Serikali ilitaka kijana wa hapa apate ajira hapahapa, na mtambo ukizima, fundi afike kwa miguu."

Obeid aliondolewa kazini, Mzee Bartholomeo akavuliwa uenyekiti. Faustina aliajiriwa, na kiangazi kilipofika shule nayo ilifungiwa mtambo, akachukua vijana wawili wa kijiji kuwafundisha. Zahanati haikuzima tena. Lakini Lea alihama dawati, na Blandina akakaa peke yake hadi muhula ukaisha.

Siku moja baada ya ibada, baba alimshika mkono wakaenda kwa mama Lea. Alivua kofia mlangoni.

"Mama Lea, nilidhani nafasi ile ni kazi tu, nikampa ndugu yangu. Sikufikiri kwamba kuna mtu atahitaji ile kazi ifanywe ndipo apumue. Kosa ni langu."

Kisha akamgeukia Blandina. "Na wewe uliniuliza swali la haki, nikakunyamazisha. Mtu mzima akikuambia uandike uongo, hata nikiwa mimi baba yako, kataa, umwambie mtu mwingine mzima siku hiyohiyo. Usingoje mpaka kuwe na kaburi."

Mama Lea alifungua mlango wote.

"Vitus harudi," alisema. "Kaeni."

Lea alileta vigoda viwili, akaviweka chini.