Mbolea ya Jirani

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, karakana ya maturubai. Watu watatu, meza moja, cherehani imesukumwa pembeni.

Mstaafu alichora kwa chaki juu ya meza. Miaka ishirini alifanya kazi ofisi ya mizigo ipitayo kwenda nchi jirani. Njia aliijua kama kiganja chake.

"Malori sita. Karatasi zinasema mbolea. Ni risasi. Jirani yuko vitani, bandari hana, anapitishia kwetu. La nne ndilo letu, pale kwenye mizani ya kupimia malori."

"Na polisi wa msafara?" Shemeji aliuliza.

"Nani atakwenda kushtaki kwamba ameibiwa risasi, na yeye mwenyewe kaandika mbolea? Wapiganapo fahali wawili huumia nyasi. Leo nyasi zinakwenda kuiba."

Fundi alicheka pamoja nao. Yeye ndiye aliyeshona turubai la pili, pacha wa lile la lori la nne, kiraka kwa kiraka. Tusidanganyane, hakuingia kwa tamaa ya mali. Dada yake alipokufa walibaki wapwa wawili na baba yao, huyu Shemeji, basi. Fundi alipika chakula cha mtu mmoja na kukila amesimama. Shemeji alikuwa amemwahidi: kazi hii ikiisha, hamia kwangu, chumba cha uani ni chako. Kwa maneno hayo Fundi angeiba hata mizani yenyewe.

Saa tano na nusu. Kituo cha mizani.

Malori yalipanga foleni. Dereva wa lile la nne, aliyekwisha kulainishwa, aliacha ufunguo akaenda dirishani kugongewa muhuri. Fundi akapanda. Nyuma ya banda Shemeji alisubiri na lori lao: mifuko ya mchanga chini ya turubai pacha, uzito uleule, namba ileile. Moja likatoka, jingine likaingia. Dakika mbili.

Polisi wa msafara alimtazama Fundi usoni. Kisha akainama, akafunga kamba za kiatu taratibu.

Geti la nyuma lilikuwa wazi. Walinzi hawakuwepo. Fundi hakuwahi kuwa na bahati ya namna hiyo maishani, na moyo ulimwambia hivyo. Akakanyaga mafuta.

Saa saba kasorobo. Ghala la zamani la pamba.

Shemeji alifika kwa pikipiki, peke yake. Hakuzima injini.

"Mstaafu yuko wapi?"

"Haji."

"Shemeji, nitazame."

Alitazama gurudumu. "Wakubwa wetu walimwahidi jirani kwamba mzigo utapita. Adui yake naye wakamwahidi hautapita. Ukiibwa, hakuna aliyevunja ahadi. Kazi ni yao, Fundi. Tangu mwanzo."

"Na mwizi?"

"Lazima apatikane."

Njiwa walikuwa wakigombana juu ya paa.

"Mbona mimi?"

"Mstaafu aliuliza, kati yetu ni nani akipotea hakuna atakayemuulizia."

"Ukamjibu nini?"

Shemeji alijifuta uso kwa mkono. "Mimi nina watoto."

"Watoto wa dada yangu."

"Ndio hao."

Kiti cha nyuma cha pikipiki kilikuwa kitupu. Fundi alikitazama. Shemeji alimwona akikitazama, akaingiza gia, akaondoka.

Fundi hakumkimbilia. Angekwenda wapi? Aliketi kwenye ngazi ya lori akalia, mtu mzima, bila kujificha. Jela haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mtu kaulizwa nani hana mtu, na jina lake likaja upesi hivyo. Na aliyelitamka alikula kwa mkono wa dada yake miaka tisa.

Saa saba kamili wakaja, bila ving'ora. Hata pingu zilikuwa zimeandaliwa, jozi moja tu.

Saa tisa alasiri. Kituoni.

Askari alifungua kitabu. Aliandika jina bila kuuliza, aliandika kazi bila kuuliza. Kisha akainua kichwa.

"Una ndugu wa kujulishwa?"

"Sina."

Kalamu ikasita. Askari akatabasamu kidogo.

"Hata shemeji?"

Basi walijua yote. Neno moja tu likiandikwa kitabuni, na Shemeji angelala humu naye. Fundi aliwaza wale wapwa wawili, saa hii wanatoka shule, wanamkuta baba yao mlangoni.

"Dada yangu alishakufa," alisema. "Andika sina."