Bi Hajra na Mguu Uliolegea

Kila asubuhi, huko Lionja, Hadija alimwogesha mama yake, akamlisha uji, kisha akamlaza. Bi Hajra alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Zamani alipeta ufuta huku anaimba. Sasa hata kikombe alishikiwa.

"Pumzika, mama," Hadija alisema. "Nguvu zitarudi."

Hazikurudi. Mguu ulianza kukakamaa. Bi Hajra alitamani jambo moja tu: kwenda chooni bila kubebwa. Aliona aibu sana.

Siku ya kliniki, mjini Nachingwea, daktari aliwapeleka kwa Mwamina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwamina alikulia Ruangwa, akicheza katika kikundi cha ngoma. Aliumia goti, mazoezi yakamponya, ndipo akaenda kuisomea kazi hiyo.

"Bibi, ulikuwa unacheza ngoma?"

"Enzi zangu? Usingeniweza!"

"Basi leo tutacheza."

Hadija alishtuka. "Dada, mgonjwa acheze? Watu watasema tunamdhihaki mama!"

"Hatutaruka," Mwamina alicheka. "Ngoma huanza kwa kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Kutembea ni hivyo hivyo. Ukimfanyia kila kitu, mwili unasahau kazi yake. Simama upande uliolegea, ila usimvute mkono. Akisikia kizunguzungu, akae. Na dawa za presha asiache."

Akapiga makofi taratibu. Bi Hajra alishika meza, akaegemea kushoto, kisha kulia.

"Usiutazame mguu, bibi. Usikie unavyokanyaga."

Goti lilitetemeka. Hadija akanyoosha mikono amdake.

"Ngoja," Mwamina alimzuia. "Kuwa karibu tu."

Msimcheke Hadija. Kumwona mama yako anatetemeka, nawe usimshike, ni kazi ngumu kuliko kumbeba.

Nyumbani walifanya hivyo kila siku. Mohamedi, mume wa Hadija, alifunga mianzi ya kushikia toka mlangoni hadi chooni. Kuna siku mguu uligoma, Bi Hajra akalia. Wakaendelea.

Msimu wa ufuta ulifika. Hadija alikuwa anapeta uani mama yake alipotoka, ameshika mianzi, anauburuta mguu na kuimba kwa sauti ya chini. Hadija akaweka ungo, akainuka.

"Unakwenda wapi?" Bi Hajra aliuliza.

"Nakusindikiza, mama."

"Chooni? Kaa, upete ufuta."

Hadija akakaa. Machozi yalimtoka. Mlango wa choo ukafungwa kwa ndani.